Wakati wa Maji Mafu

Kuna swali ambalo sisi wa kanisa dogo la Kiwengwa tulilikwepa kwa miezi mingi. Tunaliandika hapa kwa sababu tulilijibu vibaya kabla ya kulijibu vizuri, na huenda makosa yetu yakamfaa msomaji. Swali ni hili: mtu akifanya kila alichoambiwa afanye, akakifanya kwa moyo siku baada ya siku, na bado asisogee mbele hata hatua moja, kosa ni la nani? Je, ni uvivu uliojificha? Ni imani haba? Au kuna jambo jingine ambalo hatujalitazama?

Swali hili halikutujia katika somo la Biblia. Lilitujia katika mazoezi ya viungo.

Wengi wetu ni watu wa bara tuliokuja kufanya kazi katika hoteli za pwani hii ya mashariki ya Unguja. Tuko wapishi, wafua nguo, walinzi, watunza bustani, wasafisha vyumba. Ni nadra kukutana sote Jumapili, maana zamu za kazi hazijui Jumapili. Kwa hiyo vijana walipoomba kuanzisha kikundi cha mazoezi, wazee wa kanisa walikubali kwa furaha, wakiona ni njia nyingine ya kukutana. Tuliweka kanuni chache. Tuvae kwa heshima tunapopita kijijini, kwa kuwa majirani zetu ni Waislamu na pwani hii ilikuwa yao kabla ya kuwa ya watalii. Mwezi wa Ramadhani tusinywe maji njiani mbele ya watu waliofunga. Tufungue na tufunge kwa sala.

Tulikimbia maji yakiwa yamepwa na mchanga umekuwa mgumu, kuelekea Pwani Mchangani na kurudi. Waliotaka kunyanyua vyuma walijitengenezea vyao: bomba la chuma, na kila upande kopo la rangi lililojazwa zege. Ukutani mwa chumba tunachosalia tulitundika ubao. Kila Jumamosi tuliandika jina la kila mmoja, muda aliotumia kukimbia, na idadi ya pushapu alizopiga bila kupumzika.

Miezi mitatu ya kwanza ubao ule ulikuwa furaha yetu. Kila wiki namba zilibadilika. Dada mmoja ambaye mwanzoni alitembea nusu ya njia alifika mwisho akikimbia. Tulimshukuru Mungu kwa sauti. Mmoja wetu aliyezoea kutoa neno asubuhi alifundisha kwamba ubao ule ni mfano wa maisha ya mwamini, ambaye kila wiki lazima aonekane amesonga. Tuliitikia amina. Hakuna aliyejiuliza kama neno lile ni kweli.

Mwezi wa nne namba zikaanza kusimama. Kwa wengine zilisimama wiki mbili, kisha zikasogea kidogo. Kwa kijana mmoja zilisimama kabisa. Alikuwa mlinzi wa usiku, mpole, asiyekosa zoezi hata siku moja. Muda wake ulikuwa ule ule wiki tano, wiki nane, wiki kumi na mbili. Tukaanza kumtania, kisha tukamshauri, kisha tukamwonya. Mmoja wetu alimwambia ajitoe zaidi. Mwingine alimwambia huenda kuna dhambi ambayo hajaitubu. Sisi tuliobaki tulinyamaza, na kunyamaza kwetu kulikuwa kukubali.

Naye akatii. Akaongeza zoezi la pili jioni kabla ya kuingia zamu. Namba haikusogea, wiki moja ilirudi nyuma. Akakopa pesa akanunua kopo la unga wa kujenga mwili, kisha vidonge visivyo na jina ambavyo mtu fulani alimuuzia kwa siri akimwambia vinaamsha nguvu. Jumamosi moja moyo ulimwenda mbio akiwa amekaa tu, mikono ikitetemeka, jasho likimtoka. Alilala kitandani wiki tatu. Tulipokwenda kumtazama ndipo tulipojua yale ambayo tungeweza kuyajua kwa kumwuliza swali moja. Alikuwa akilala saa nne kwa siku, tena kwa vipande, katika chumba chenye watu watano wa zamu tofauti. Sehemu kubwa ya mshahara wake aliituma nyumbani kwa mama mgonjwa na wadogo zake wanaosoma. Chakula chake cha siku nyingi kilikuwa chai na mkate, na mlo mmoja wa kazini.

Hakuwa mvivu, wala hakukosa imani. Alikuwa na njaa na usingizi. Sisi tuliokuwa tukimwombea kila Jumamosi hatukuwa tumelitambua hilo, kwa sababu tulikuwa tunatazama ubao.

Baada ya hapo tulisimamisha mazoezi kwa muda, tukatafuta kujifunza kwanza. Tukagundua kwamba hatukujua hata mwili unavyofanya kazi, ingawa tulikuwa tukiuhubiria.

Wiki za kwanza za mazoezi mwili hujifunza haraka. Anayenyanyua chuma kwa mara ya kwanza huongezeka nguvu kabla misuli yake haijanenepa, kwa sababu ubongo na mishipa ya fahamu vinajifunza kuiamuru misuli iliyopo ifanye kazi kwa pamoja. Faida hiyo ya mwanzo haidumu. Baada yake nguvu hutegemea misuli yenyewe kujengwa, na hiyo ni kazi ya miezi na miaka. Kwa hiyo kila mtu anayeanza kwa kasi atafika mahali mwendo unapopungua. Kupungua huko ni jambo la kawaida, wala si adhabu.

Tena mwili huzoea. Mzigo ule ule na njia ile ile kwa mwendo ule ule, vitu vilivyoushtua mwili mwezi wa kwanza, mwezi wa nne haviushtui tena. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia daktari mmoja Mmarekani, Thomas DeLorme, aliwatibu askari walioumia miguu kwa kuwapa uzito mkubwa na kuuongeza hatua kwa hatua, badala ya kuwarudisha kwenye mizigo miepesi mara nyingi kama ilivyokuwa desturi. Wakapona vizuri zaidi. Tangu hapo imekuwa kanuni kwamba anayetaka nguvu sharti aongeze mzigo kidogo kidogo.

Ila kuna jambo la tatu, nalo ndilo tulilolisahau. Zoezi lenyewe halijengi mwili. Zoezi huuchosha na kuubomoa kidogo, na ujenzi hufanyika baadaye, mtu akiwa amelala na amekula. Ndiyo maana makocha wengi huweka wiki nyepesi baada ya wiki kadhaa nzito. Asiyepumzika hubomoa juu ya kilichobomolewa. Akiona hasogei, akaongeza mzigo, anazidi kuzama.

Basi mtu aliyesimama anaweza kuwa amesimama kwa sababu nne tofauti. Pengine hajitumi vya kutosha. Pengine anafanya jambo lile lile ambalo mwili umelizoea, na anahitaji kubadilisha. Pengine amechoka, ana njaa, hana usingizi, ana mzigo mwingine mabegani tusiouona. Au amefika kikomo cha mwili wake, kwa umri wake na maumbile yake. Dawa ya kila mmoja ni tofauti, na dawa ya wa kwanza ni sumu kwa wa tatu. Lakini ubaoni wote wanne wanaonekana sawa: namba haikubadilika. Sisi tulisoma namba tukadhani tumemsoma mtu.

Siku moja katika kipindi hicho tulipita pwani wachache, bila kukimbia, tukamkuta bibi mmoja jirani yetu amekaa kivulini akitengeneza kamba zake za mwani. Tukamwamkia, akaitikia marahaba, akatuuliza, "Wanangu, siku hizi hamkimbii, mna nini?" Tukamweleza kwa ufupi kwamba mwenzetu ameumwa, na kwamba alikuwa akifanya bidii bila kuona faida. Bibi akatazama bahari. "Kwani leo mimi mnaniona shambani?" akauliza. "Maji mafu haya. Hata nikiingia, vigingi vyangu sitavifikia. Najitengenezea kamba zangu. Bamvua likija nitashuka."

Wasiokaa pwani huenda wasielewe, kwa hiyo tueleze. Bahari hupwa na kujaa kila siku, lakini haiendi kwa kipimo kimoja. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huja bamvua: maji hujaa sana na hupwa sana, hata mtu hutembea mbali juu ya mchanga hadi karibu na mwamba. Mwezi ukiwa nusu huja maji mafu: bahari husogea kidogo tu, haipandi sana wala haishuki sana. Wanawake wanaolima mwani huteremka shambani wakati wa bamvua. Wakati wa maji mafu hufanya kazi za nchi kavu, kama kutengeneza kamba na kuanika. Hakuna kati yao anayedhani bahari imekufa, wala anayejilaumu kwa kutokufika kwenye vigingi. Vilevile hakuna anayelala tu kungojea bamvua, maana asiyekuwa na kamba tayari, bamvua litampita.

Tulikaa na maneno yale, na yakatupeleka kwenye mfano ambao tulikuwa tumeusoma mara nyingi bila kuusikia, mfano wa mtini katika Injili ya Luka sura ya 13. Mwenye shamba anakuja kutafuta matunda, hapati. Ni mwaka wa tatu huo. Anataka mti ukatwe, kwa kuwa unaiharibu ardhi bure. Mtunza shamba anaomba mwaka mmoja zaidi, ili aupalilie na kuutilia mbolea.

Tuangalie anachofanya mtunza shamba. Haukemei mti. Hauambii ujitoe zaidi. Hasemi pia kwamba uachwe tu kama ulivyo, bila kuguswa. Anainama, anachimba kuuzunguka, anatazama udongo na mizizi. Anachukulia kwamba mti usiozaa huenda umekosa kitu. Kazi yote ya mwaka ule anaiweka juu ya mgongo wake mwenyewe. Mtaka cha mvunguni sharti ainame; mtunza shamba aliinama. Sisi tulikuwa tumesimama wima mbele ya mti wetu, na ubao mkononi.

Jambo hilo hilo lipo katika habari za Eliya, Kitabu cha Kwanza cha Wafalme sura ya 19. Nabii aliyeshusha moto Karmeli amechoka, amekaa chini ya mti jangwani, anaomba afe. Mungu angeweza kumhubiria siku ile, lakini alimletea mkate uliookwa na chupa ya maji, akamwacha alale, kisha akamwamsha ale tena kwa kuwa safari ni ndefu. Maneno yalikuja baadaye, mlimani. Ikiwa Mungu mwenyewe alianza na mkate na usingizi, sisi ni nani hata tuanze na lawama?

Tunasema haya kwa ajili ya mazoezi, lakini msomaji ameshaona kwamba hatusemi mazoezi peke yake. Katika kila kanisa kuna anayesali na sala zake zimekauka. Alipookoka alilia kwa furaha kila asubuhi. Sasa anapiga magoti, anasema maneno yale yale, hasikii kitu. Tumezoea kumwambia afunge zaidi, akeshe zaidi, achunguze dhambi zake zaidi. Pengine ndivyo. Lakini je, tumemwuliza kama analala? Kama nyumbani kwake kuna amani? Kama kuna mtu yeyote anayekula naye? Furaha ya mwanzo ya imani inafanana na nguvu za wiki za kwanza: ni zawadi, si kipimo cha miaka yote. Baada yake inakuja kazi ya polepole, ambayo mtu haioni ikitendeka ndani yake.

Hapa mtu anaweza kutupinga, na wapo waliotupinga katika kikundi chetu wenyewe. Walisema: mkifundisha hivi mtawapa wavivu kichaka cha kujificha. Kila asiyetaka kuamka atasema yuko kwenye maji mafu. Pingamizi hili lina uzito, na hatutaki kulipita haraka.

Jibu la kwanza liko katika mfano wenyewe. Mtunza shamba hakuomba miaka isiyo na mwisho. Aliomba mwaka mmoja, wenye kazi ndani yake. Kungoja kwa namna hiyo si uvivu. Tofauti ya mvivu na aliyechoka haionekani katika namba, lakini huonekana mara ukikaa naye. Mvivu ukimpunguzia mzigo hufurahi na kuomba upunguzwe tena. Aliyechoka ukimpunguzia huona aibu, na akishapumzika hutaka kurudi. Kijana wetu alitaka kurudi hata kabla daktari hajamruhusu.

Jibu la pili ni kwamba kusimama kwingine kunataka uvumilivu na kwingine kunataka mabadiliko, na inafaa kujifunza kwa watu waliopita njia zote mbili.

Wa kwanza ni Mtanzania mwenzetu, Alphonce Simbu. Mwaka 2016 alimaliza wa tano katika marathoni ya Olimpiki ya Rio. Mwaka 2017 alipata medali ya shaba katika mashindano ya dunia ya riadha jijini London. Wengi walitarajia dhahabu ifuate upesi. Haikufuata. Katika Olimpiki ya Tokyo, iliyofanyika mwaka 2021, alikuwa wa saba. Mwaka 2022 alipata fedha katika michezo ya Jumuiya ya Madola kule Birmingham, lakini dhahabu ya dunia bado. Aliendelea na mbio ile ile. Septemba 2025, tena Tokyo, alishinda dhahabu ya dunia kwa muda wa saa 2 dakika 9 na sekunde 48. Mjerumani aliyekuwa wa pili aliandikiwa muda huo huo. Picha ya mstari wa mwisho ndiyo iliyoamua, kwa tofauti ya sehemu tatu za mia za sekunde. Miaka minane ilipita tangu ile shaba. Anayeitazama miaka ile kwa ubao tu angesema mtu huyu ameshafika mwisho wake.

Wa pili ni Mkenya Eliud Kipchoge. Mwaka 2003, akiwa kijana mdogo, alikuwa bingwa wa dunia wa mita 5,000 jijini Paris. Mwaka 2004 alikimbia mita hizo kwa dakika 12 na sekunde 46, na muda huo hakuupunguza tena maishani mwake. Alipata shaba ya Olimpiki mwaka 2004 na fedha mwaka 2008, na mwaka 2012 hakufuzu kabisa kwenda Olimpiki ya London. Hapo alibadilisha. Mwaka 2013 alikimbia marathoni yake ya kwanza kule Hamburg, akashinda. Baadaye akawa bingwa wa Olimpiki mara mbili, 2016 na 2021, na akavunja rekodi ya dunia ya marathoni mara mbili, 2018 na 2022. Mlango mmoja ulipomfungikia hakukaa akiusukuma. Alikwenda kwenye mlango mwingine wa nyumba ile ile.

Mmoja alidumu, mwingine alihama, na wote wawili walifanya vema. Hatuna kanuni ya kumwambia kila mtu ni lini adumu na ni lini ahame. Hilo linataka busara, na busara inataka kumjua mtu. Hata historia ya Kanisa katika kisiwa hiki ina mfano wake. Mwaka 1864 Askofu Tozer aliuhamisha utume wa UMCA kutoka bonde la Shire, ulikokuwa umekwama baada ya vifo na vita, akauleta Unguja. Wengi walimlaumu, Livingstone akiwa mmoja wao, wakisema amerudi nyuma. Lakini ni hapa Unguja ambapo Edward Steere, aliyekuja pamoja naye, alikaa chini kujifunza Kiswahili, akachapisha kitabu cha lugha hii mwaka 1870, na akaanza kazi ya kuyatafsiri Maandiko. Kanisa kuu la Mkunazini, ambalo jiwe lake la msingi liliwekwa Krismasi ya mwaka 1873 mahali palipokuwa soko la watumwa, lilijengwa na utume ulioambiwa umeshindwa. Kilichoitwa kurudi nyuma kilikuwa kutengeneza kamba.

Limebaki jambo moja, nalo ni gumu kuliko yote. Tumetoa mifano ya watu waliosimama kisha wakasogea. Je, asiyesogea tena kamwe?

Maana wapo. Katika kikundi chetu yuko mama mwenye umri wa miaka sitini na zaidi. Anatembea pwani nasi kila Jumamosi. Muda wake hautapungua. Kadiri miaka inavyokwenda utaongezeka. Kila mwili una kikomo, na kila mwili utashuka. Tukifundisha kwamba kila kusimama ni maji mafu yanayongojea bamvua, tutakuwa tumemdanganya mama huyu, na tutakuwa tumejidanganya wenyewe kwa miaka ishirini ijayo.

Mtume Paulo, katika barua yake ya kwanza kwa Timotheo sura ya 4, hakuyadharau mazoezi ya mwili. Alisema yana faida, ila ni faida ndogo, kwa kuwa utauwa unafaa kwa maisha haya na yale yajayo. Tulizoea kuyasoma maneno hayo kama kemeo kwa wanamichezo. Sasa tunayasoma kama faraja. Faida ya mwili ni ndogo kwa sababu ina mwisho, na kitu chenye mwisho hakifai kubebeshwa thamani ya mtu. Paulo huyo huyo aliomba mara tatu mwiba wake uondolewe, na haukuondolewa. Alipewa neema ya kutosha akiwa nao.

Nadhiri yetu ya siri, tukijikagua, ilikuwa hii: Bwana, tunakupa jasho, nawe utupe maendeleo. Hiyo ni biashara. Mfanyabiashara asipopata faida hukasirika au hujilaumu, na sisi tulifanya yote mawili. Lakini mwili tumepewa kama amana. Mwenye amana anaulizwa kama ameitunza. Mama yule anautunza mwili wake kwa kutembea, naye ni mwaminifu katika Jumamosi yake sawasawa na kijana anayepunguza dakika. Kijana wetu alikuwa mwaminifu wiki zote kumi na mbili ambazo tulimhesabia kuwa ameshindwa.

Kwa hiyo mambo tuliyobadilisha ni machache. Kila wiki ya nne ni nyepesi kwa wote: tunatembea, tunaogelea, tunakaa kivulini na kuzungumza. Tuliona aibu kutambua kwamba Mungu alikuwa ametuamuru kupumzika siku moja katika saba tangu mwanzo, na sisi tulihitaji kijana wetu augue ndipo tusikie. Anayesimama kwa muda mrefu hatumshauri kabla ya kumwuliza mambo matatu: analala saa ngapi, anakula nini, na ana mzigo gani asioweza kuubeba peke yake. Mara nyingi majibu yametudai kitu sisi wenyewe. Kwa kijana yule yalidai chumba chenye utulivu wa mchana, ambacho familia moja ya kanisa ilimpa, na mchango mdogo wa kila mwezi kwa ajili ya dawa za mama yake. Vidonge vya siri tulikubaliana kuvikataa, na yeyote atakayeuziwa avilete kwa wazee bila kuogopa kuaibishwa.

Kijana wetu amerudi. Alianza kwa kutembea pamoja na mama yule, kisha polepole akaanza kukimbia. Msomaji atataka kujua kama muda wake umepungua. Umepungua kidogo, baada ya miezi ya kulala na kula vizuri. Kisha umesimama tena. Safari hii alicheka tu alipotuambia.

Ubao bado uko ukutani. Tulijadiliana kuuondoa, tukauacha, lakini tulifuta namba. Siku hizi Jumamosi tunaandika majina ya waliokosekana, na mbele ya kila jina, jina la atakayekwenda kumtazama kabla ya jua kuzama.